Shafti imelegea, imepasuka au imekatika baada ya kuchomelewa: kosa liko kwenye nyuzi ngapi?

Mashine ya kukamua mawese ikikata shafti wakati msimu umekolea, hakuna anayeweza kungoja shafti mpya itoke Dar es Salaam. Mikungu ya chikichi inarundikana uani, huko Mwandiga au Simbo, na chikichi zikikaa muda mrefu mafuta yake yanachacha. Kwa hiyo shafti inaletwa karakana mjini Kigoma ichomelewe. Kuichomelea kunawezekana kabisa. Tatizo linaanza pale kazi ya kuchomelea inapokwisha, shafti inafukiwa kwenye mkaa hadi iwe nyekundu, inaachwa ipoe, kisha mwenye mashine anaambiwa imeshapashwa. Imepashwa kwa nyuzi ngapi za joto? Kwa muda gani? Na hizo nyuzi zimetoka wapi?

Nimeuandika mwongozo huu kwa kufuata dalili, kwa sababu fundi huletewa dalili: shafti imelegea, ina ufa, imekatika tena. Nyuzi zote humu ni za Selsiasi. Shafti za boti za Kibirizi zilizo za chuma kisichoshika kutu hazihusiki. Hapa ni chuma cha pua kilichozimwa (kupozwa ghafla kikiwa cha moto) na kutempwa (kupashwa tena kwa joto la chini zaidi).

Swali la kwanza, kabla ya dalili yoyote

Chuma hiki kilitempwa kwa nyuzi ngapi?

Shafti nyingi za kazi nzito hutengenezwa kwa chuma cha 42CrMo4, ambacho Wamarekani wanakiita 4140. Kina kaboni karibu asilimia 0.4, kromi karibu 1, na molibdeni karibu 0.2. Kiwandani hupashwa hadi nyuzi 850 hivi, kikazimwa kwenye mafuta, kisha kikapashwa tena kati ya nyuzi 540 na 680. Kule kuzimwa ndiko kunakokipa ugumu, lakini kunakiacha mkavu, rahisi kuvunjika. Kutempwa kunapunguza ugumu kiasi na kukirudishia ustahimilivu. Kadiri joto la kutempa linavyopanda ndivyo chuma kinavyolainika.

Sasa wewe unakuja na elektrodi. Ukanda mwembamba kandokando ya mshono unapita nyuzi 800, kisha chuma baridi kinachouzunguka kinaunyonya joto lake haraka sana. Umeuzima upya bila kukusudia. Kwa chuma chenye kaboni 0.4 ukanda huo unaweza kupita 50 HRC (kipimo cha ugumu cha Rockwell), wakati shafti yenyewe ina 30. Kupasha baada ya kuchomelea kunafanya kazi ya kuutempa ukanda huo, kulegeza mkazo uliobaki, na kutoa haidrojeni iliyoingia.

Kwa kazi hiyo joto linahitaji kuwa juu. Lakini likipita lile la kiwandani, shafti nzima inatempwa upya na nguvu yake inashuka. Ndiyo maana kanuni inayofuatwa ni kubaki nyuzi 15 hadi 30 chini ya joto ambalo chuma kilitempwa awali. Shafti iliyotempwa kwa 620 inapashwa kwa 590 hadi 605. Kanuni ya Marekani ya kuchomelea miundo, AWS D1.1, inaweka kikomo cha 600 kwa chuma kilichozimwa na kutempwa, na mimi nakiona kikomo hicho kuwa cha busara hata kwa shafti, mradi uwe umehakikisha kwamba haikutempwa chini yake.

Joto la awali linaandikwa kwenye cheti cha kiwanda kinachokuja na chuma. Kama cheti hakipo, pima ugumu mbali na mahali palipokatika, kisha fanya makadirio. Kwa 42CrMo4, ugumu wa karibu 37 HRC unaashiria kutempwa kwa karibu 540. Karibu 33 au 34 ni 595. Karibu 29 ni 650. Makadirio haya yanategemea unene wa chuma na muda kiliokaa kwenye joto, kwa hiyo chukua upande wa chini. Lakini usikisie aina ya chuma kwa macho. Muulize mwenye mashine shafti ilichongwa na nani na kutoka kwenye chuma gani. Mara nyingi anajua zaidi ya unavyodhani.

Dalili: shafti imelegea

Imefanya kazi wiki chache, kisha funguo imetafuna mfereji wake, au shafti imejisokota, au sehemu inayokaa beringi imekuwa laini hadi faili inaila kirahisi. Hii ndiyo dalili ninayoiona kuwa ya kawaida zaidi, na ndiyo ambayo fundi hukimbilia kulaumu elektrodi.

Usilaumu kitu kabla ya kupima ugumu sehemu tatu: katikati ya mshono, kwenye ukanda wa kandokando, na kwenye chuma cha mbali ambacho moto haukufika.

Mshono ukiwa laini peke yake, joto halina kosa. Uliunga kwa elektrodi ya E7018, ambayo nguvu yake ya kuvutwa inayodhaminiwa ni megapaskali 490, wakati shafti ya 30 HRC ina karibu 950. Mshono wa namna hiyo unafaa mahali pasipobeba mzigo wote. Penye kubeba mzigo, tafuta elektrodi ya nguvu zaidi yenye haidrojeni kidogo, na uhakikishe mtengenezaji wake ameeleza nguvu inayobaki baada ya kupashwa, kwa sababu nyingine hupungua.

Mshono ukiwa sawa lakini chuma kilichopashwa kimeshuka, tuseme kutoka 30 hadi 22, basi ulivuka joto la kutempa. Hapo nguvu imeshuka chini ya megapaskali 800 na hakuna joto la chini litakaloirudisha. Dawa ni kuizima na kuitempa shafti nzima upya, kazi inayotaka tanuru la kweli, au kuchonga nyingine.

Umevukaje? Mara nyingi kwa kutumia macho. Wekundu wa chuma cha nyuzi 600 ni hafifu, unaonekana gizani tu. Juani, kwenye uwanja wa karakana saa saba mchana, hauonekani kabisa. Fundi anayengoja aone wekundu akiwa nje amekwishapita 700 kabla macho hayajamwambia kitu. Amezidi joto la kutempa kwa makumi ya nyuzi, na bado anaamini ameichemsha kidogo tu. Kwa kazi hii rangi haifai kuwa kipimo. Tumia themokapo (waya wa kupimia joto) iliyofungwa imara kwenye chuma chenyewe, si inayoning'inia kwenye ndimi za moto. Kama huna, nunua chaki za kupimia joto, zile zinazoyeyuka kwenye nyuzi zilizoandikwa juu yake. Kwa shafti iliyotempwa kwa 620, chukua mbili: ya 580 ambayo lazima iyeyuke, na ya 610 ambayo haitakiwi kuyeyuka. Zipake pande zote za shafti, maana mkaa uliorundikwa upande mmoja unaupa upande ule nyuzi nyingi kuliko wa pili.

Kuna chanzo kingine ambacho hakionekani kwenye kipimo chochote cha siku ile: shafti imepashwa mara nyingi. Kutempwa kunategemea joto na muda kwa pamoja, na muda unajumlishwa. Wahandisi hutumia kipimo cha Hollomon na Jaffe: chukua joto kwa Kelvini, yaani Selsiasi kujumlisha 273, zidisha kwa jumla ya 20 na logi (ya msingi wa 10) ya saa, kisha gawa kwa 1000. Shafti iliyotempwa kiwandani kwa 620 kwa saa mbili inapata 18.13. Ukiipasha baada ya kuchomelea kwa 595 kwa saa tatu, unapata 17.77, uko chini, uko salama. Ikikatika tena mwaka unaofuata ikapashwa vilevile, na tena mara ya tatu, umefikisha saa tisa kwa 595, na hesabu inatoa 18.19. Umeipita ya kiwandani ingawa hujawahi kugusa 600. Kila fundi kwa wakati wake alifuata kanuni, na shafti bado imelegea.

Ndiyo maana napendekeza, kwa moyo wote, kupiga chapa kwenye kichwa cha shafti kwa nambari za ponchi: joto, saa, mwaka. Fundi atakayeipokea baadaye, awe Kasulu au Tabora, ataweza kufanya hesabu hiyo.

Dalili: baada ya kupashwa imekuwa ngumu zaidi

Hii inawashangaza wengi, lakini ina sababu mbili tu.

Ya kwanza ni kwamba hukuvuka joto la kutempa tu, ulivuka na lile ambalo chuma huanza kubadilika umbo la ndani. Kwa 42CrMo4 ni karibu nyuzi 730. Ukikifikisha hapo kisha kikapoa kwa upepo wa ziwa, sehemu yake inazimika upya. Utakuta madoa magumu na madoa laini kwenye shafti moja.

Ya pili ni ya fundi mwangalifu kupita kiasi. Amepasha kabla kwa 300, amechomelea, na bila kuiacha ishuke amepandisha moja kwa moja hadi 600. Mageuzi yanayoufanya ukanda kuwa mgumu huanza karibu 340 na kukamilika chini sana ya hapo. Chuma kisichoshushwa hadi karibu 150 kinaweza kuingia kwenye kupashwa kikiwa na sehemu ambayo haijabadilika. Sehemu hiyo hubadilika mwishoni, wakati wa kupoa, na hakuna kilichobaki cha kuitempa. Kwa hiyo, baada ya kuchomelea, funika shafti kwa blanketi la sufu ya seramiki, iache ishuke polepole hadi 120 au 150, ikae hapo kama saa moja, kisha ndipo uanze kupandisha. Usiiache ifike baridi ya mkono, kwa sababu inayofuata.

Dalili: ufa umeonekana kesho yake

Jioni ulikagua, mshono safi. Asubuhi pana mstari mwembamba kama unywele sambamba na ukingo wa mshono. Ufa wa haidrojeni unaweza kuchelewa saa 48 au zaidi, na ukaguzi wa jioni hauwezi kuuona.

Ili utokee, vitu vitatu lazima vikutane: haidrojeni, ukanda mgumu, na mkazo. Mkazo upo daima. Ukanda mgumu upo daima kwenye chuma hiki hadi umeupasha. Kilicho mikononi mwako ni haidrojeni na muda.

Haidrojeni inatoka kwenye unyevu, mafuta na kutu. Shafti ya mashine ya mawese imelowa mafuta hadi ndani ya kila mkwaruzo; isafishe kwa sabuni ya kuondoa mafuta, ichome kwa tochi ya gesi mpaka moshi ukome, kisha isage kwa grainda. Elektrodi za E6013, zile za mageti na madirisha, usiziguse kwa kazi hii. Zina haidrojeni nyingi kwa asili yake. E7018 nazo zikishafunguliwa na kukaa wazi, hasa wakati wa masika karibu na ziwa, zinanyonya unyevu. Kuzianika juani hakuzikaushi. Zinahitaji oveni ya nyuzi 300 hadi 350 kwa saa moja au mbili, kama mtengenezaji alivyoandika kwenye pakiti, kisha zikae kwenye chombo cha moto zikitolewa chache chache.

Kisha pasha kabla: kwa shafti ya unene wa milimita 75 nenda 250 hadi 300, na joto hilo lisishuke hadi mshono wa mwisho. Ukiona tanuru halitapatikana leo, usiiache shafti ipoe ikusubiri. Ishikilie kwenye 200 hadi 250 kwa saa kadhaa ili haidrojeni itoke. Hii haichukui nafasi ya kupashwa kwenyewe, lakini inakuvusha usiku bila ufa.

Ufa ukishatokea, kupasha hakuuzibi. Ondoa wote kwa grainda, kagua kwa rangi ya kupenya, ile inayoingia kwenye ufa na kuuonyesha, na uanze upya.

Dalili: ufa umetokea kwenye kupashwa kwenyewe

Uliza kwanza: ulikagua kabla ya kuingiza? Nyufa nyingi zinazodaiwa kuwa za tanuru ziliingia nazo.

Kama ulikagua na haukuwapo, angalia mwendo wa joto. Kwa D1.1, juu ya nyuzi 315 unapandisha usizidi nyuzi 220 kwa saa ukigawa kwa unene wa chuma kwa inchi. Shafti ya milimita 75 ni karibu inchi tatu, kwa hiyo usizidi nyuzi 73 kwa saa. Kutoka 315 hadi 595 ni karibu saa nne. Kushuka ni 260 ukigawa vivyo hivyo. Muda wa kukaa kwenye joto, kwa unene huo, ni saa mbili na robo. Kazi hii ni ya siku nzima, na mkaa unaopepewa kwa kipulizio hauna subira hiyo. Bei ya kazi lazima iseme hivyo, na mwenye mashine aambiwe mapema.

Kama mwendo ulikuwa sawa, kuna ufa wa kupashwa upya, unaoshika vyuma vyenye kromi na molibdeni pamoja na vanadi, au vile vyenye boroni. Ukanda wenye punje (chembe za ndani ya chuma) kubwa kandokando ya mshono unashindwa kunyooka mkazo unapolegea, na unapasuka kati ya punje. Mabati ya A514, yale ya Marekani ya nguvu nyingi, yanajulikana kwa hili. Kwa vyuma hivyo ushauri wa kawaida ni kupasha kabla vizuri, kutumia joto dogo la kuchomelea, na kutopasha baadaye kabisa.

Na kama mshono wenyewe ndio umepasuka, chunguza elektrodi. Watu hupenda kutumia elektrodi ya chuma kisichoshika kutu, kama E312, kwa chuma wasichokijua, na mara nyingi inawaokoa. Lakini mshono huo hautakiwi kupelekwa 600. Kwenye joto hilo unageuka mkavu. Ukichagua E312 umechagua kutopasha baadaye.

Dalili: ugumu uko sawa, lakini imekatika ghafla

Uso wa mvunjiko unang'aa punje punje, hakuna dalili ya kuvutika, na kipima ugumu hakioni kosa lolote kwenye shafti yenyewe. Hapa joto lilikaa kwenye eneo lisilofaa, na maeneo hayo ni mawili.

Fundi anayeogopa kulegeza shafti huona 350 kuwa njia ya kati. Ni mahali pabaya. Kati ya 250 na 400 hivi, ukanda uliozimika unapungukiwa ustahimilivu badala ya kuupata, na wakati huo huo bado ni mgumu mno. Umelipia kuni na umepata chuma kikavu zaidi.

Eneo la pili ni kati ya 375 na 575, ambako fosforasi, bati, antimoni na aseniki husogea kwenye mipaka ya punje na kuilegeza, hasa chuma kikikaa hapo muda mrefu au kikishuka polepole mno. Molibdeni inapunguza tatizo hili, kwa hiyo 42CrMo4 ina nafuu. Chuma cha kromi kisicho na molibdeni hakina nafuu hiyo, na umeme ukikatika tanuru likiwa kwenye 500, usikiache humo kishuke taratibu usiku kucha. Ukavu wa aina hii ya pili unaweza kuondolewa kwa kukipasha tena karibu 600, kama historia yake ya kutempwa inaruhusu, na kukishusha kwa haraka zaidi kupita eneo hilo.

Dalili: imepinda

Kwenye 600 chuma kinabeba mzigo mdogo kuliko kikiwa baridi. Shafti ndefu iliyolazwa kwenye matofali mawili ya mwisho inainama katikati. Ining'inize wima au iwekee egemeo nyingi, na moto uizunguke sawasawa.

Dalili: ukanda bado mgumu, na huruhusiwi kupandisha zaidi

Hapa ndipo wengi wanaponiuliza ni nyuzi ngapi, na jibu ni kwamba nyuzi hizo hazipo.

Springi ya lori lililopita njia za Kibondo ina kaboni karibu 0.6 na hutempwa kati ya 400 na 500. Ili ukanda wa mshono ulainike vya kutosha unahitaji karibu 600, na kwenye 600 springi imekufa. Ukibaki chini ya joto lake la kutempa, mshono utakatika. Badilisha jani la springi.

Bati la Hardox, lile gumu la kustahimili mikwaruzo, kwenye bodi za malori ya kokoto linapoteza sifa zake likipita nyuzi 250. Lichomelee kwa elektrodi laini zenye haidrojeni kidogo, weka mishono mbali na pale panapokwaruzwa zaidi, usilipashe baadaye.

Shafti iliyotempwa chini ya 540, yenye ugumu wa 38 HRC na zaidi, iko kwenye kundi hilohilo. Ekseli na vipande vya usukani vya gari usivichomelee hata ukibembelezwa. Kwa shafti ya mashine ya mawese yenye ugumu huo, mweleze mama mwenye mashine kwamba kuchonga mpya kutoka nondo ya 42CrMo4 yenye cheti kutamgharimu zaidi leo, na mwombe akuachie ile iliyokatika upimie vipimo.